Mashine ya Ndoo Tatu

Mpapai ulioota chini ya dirisha la mama ulinidanganya miezi miwili mizima. Ilikuwa kiangazi, na kiangazi cha Same hakina mzaha. Uani kwangu kila kitu kilikuwa kimekauka, hata minyaa ya uzio ilikuwa imesinyaa, lakini mpapai ule ulitoa majani mapya kila wiki. Nikawa nausifia. Nilimwambia mama, "Huu mpapai una bahati," naye akanijibu kutoka kitandani, "Mti ukitaka kuishi utaishi." Sikujiuliza nani anaumwagilia. Nilikuwa na sare za shule za kushona na mashuka ya kufua, basi.

Kwanza niseme mashuka hayo yalitoka wapi. Mama yangu aliishi Mamba, huko milimani, maisha yake yote, akilima tangawizi kwenye mteremko ambao hata mbuzi hufikiri kwanza kabla ya kuushuka. Siku moja akateleza na kikapu kichwani, akavunjika nyonga. Hospitali walijitahidi, ila mguu haukushika sawasawa. Tukakaa kikao cha ndugu. Kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam, amepanga ghorofani, ngazi kibao. Mimi niko Same mjini, nyumba ni yangu, sina mume wa kumwomba ruhusa, na hospitali iko jirani. Nikasema namchukua mimi. Hakuna aliyebisha.

Habari ya mashuka haikuzungumzwa kwenye kikao. Mama hawezi kuinuka bila kushikwa. Akihisi haja ndogo ananiita, na mpaka nitoke kwenye cherehani barazani nifike chumbani, shuka limeshalowa. Pampasi za watu wazima tulijaribu, joto la huku likamchubua ngozi, tukaziacha. Kwa hiyo ikawa mashuka na khanga kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo. Nilifua kwa mikono miezi minne. Vidole vikapasuka. Siku damu ya kidole changu ilipotia doa kola ya shati jeupe la mwanafunzi, nikalazimika kulishona upya kwa kitambaa changu mwenyewe, nilikaa chini nikalia kwa hasira. Mimi machozi yangu mengi ni ya hasira.

Kaka akatuma hela kwa simu ili ninunue mashine ya kufulia. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea Kipare. Watu hututania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huwa nacheka nao. Ila siku ile niliingia duka la vyombo vya umeme karibu na stendi, nikaonyeshwa mashine tano, nikachukua ya bei ya chini kuliko zote bila kuuliza swali lolote zaidi ya bei. Nilirudi nyumbani nikijisifia chenji.

Ilikuwa ya matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Unajaza maji kwa ndoo, inazungusha, unamwaga. Unajaza tena ya kusuuza, unamwaga. Povu bado lipo, unajaza tena. Mashuka ya siku moja yalikula ndoo nane. Same bomba linatoka kwa mgao, na siku ya mgao nayo ina siku zake za kutotoka. Tangi likikauka unanunua maji kwa dumu kwa wenye mikokoteni, na jua linavyozidi kuwaka ndivyo bei inavyopanda. Chenji niliyojisifia iliishia kwenye madumu kabla mwaka haujageuka, na mkanda wa mashine ukakatika mara mbili. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Kitanda cha mama kimeegemea ukuta wa upande wa uani, dirisha likiwa usawa wa mkono wake. Kila ndoo niliyomimina aliisikia. Sikujua kwamba anahesabu.

Kisha mashuka yakaanza kupungua kulowa. Kutoka matatu kwa siku yakawa mawili, halafu moja, halafu siku nyingine halilowi kabisa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani mwili umepata nguvu. Nilimpigia kaka nikamwambia mama anaendelea vizuri.

Wiki mbili baadaye mama aliamka akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Midomo ilikuwa imekauka hadi imechanika, na alichokojoa kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikamkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari, mdogo kwangu kwa miaka mingi, akamfinya ngozi ya mkono, akaangalia ulimi, akaagiza atundikiwe maji.

"Shikamoo mama," aliniambia tukiwa pembeni. "Bibi hanywi maji. Tukiendelea hivi figo zitagoma, na kwa umri wake sitaweza kuzibembeleza."

Nilipandisha sauti. "Anakunywa! Asubuhi namwekea chai, mchana jagi la maji, jioni chai tena. Nikirudi nakuta vyombo vitupu."

"Vyombo kuwa vitupu, mama, siyo kwamba amekunywa."

Tuliporuhusiwa nikamlaza mama, nikazunguka nyuma ya nyumba nikasimama mbele ya mpapai. Ukuta chini ya dirisha ulikuwa na michirizi ya kahawia. Udongo kwenye shina ulikuwa umelowa, na juu yake majani ya chai yameganda. Hakuwa amemwaga hovyo. Hata katika kujinyima maji, mama yangu hakukubali tone lipotee bure.

Nikaingia ndani sijavua hata viatu. "Mama, unamwaga chai dirishani."

Hakukana. "Mpapai utazaa," alisema.

"Na wewe utakufa!"

"Usinipigie kelele, mimi ndiye niliyekuzaa." Kisha akasema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Nikinywa nakojoa. Nikikojoa unafua. Ukifua ndoo nane zinakwenda. Nazisikia, mwanangu. Ndoo nane kwa ajili ya mtu asiyekwenda msaragambo."

Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze, maana neno hilo moja ndilo lililotaka kuniulia mama. Kule Mamba maji ya mashamba hukusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa lililochimbwa mlimani na mababu. Jioni linafungwa, usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa na maji yanashuka mferejini kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho. Matope yakijaa, watu wote wanaitwa kuyazoa. Kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Mwenye koleo aje na koleo, mwenye karai aje na karai, na asiyekuja hana zamu. Hakuna cha mjane wala cha mkubwa wa kanisa. Mama alikuwa akisimulia kwa fahari kwamba alizoa matope ya ndiva akiwa na mimba yangu ya miezi minane. Mtu wa namna hiyo ukimlaza kitandani asiweze kubeba koleo wala karai, halafu akasikia maji yanamwagwa nane nane kwa ajili yake, anajihukumu mwenyewe. Alijinyang'anya zamu.

"Mgeni siku mbili," aliongeza, "siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe siwezi, na siku ya tatu ilishapita zamani."

Nilijaribu maneno. Nilimwambia nyumba hii ni yake, kwamba ufundi wangu ulilipiwa na tangawizi yake, kwamba msaragambo wa kwangu alishaufanya miaka na miaka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni maneno ya kwenye ibada," alisema. "Mazuri. Lakini ndoo ni nane palepale."

Hapo nikapiga moyo konde. Kumlazimisha kunywa nisingeweza, hakuna binadamu aliyewahi kumlazimisha mama yangu kitu. Kama tatizo ni ndoo nane, basi nitazipunguza ndoo. Siku hiyo hiyo nilifungua sanduku nikatoa hela ya dari. Nyumba yangu haina dari, bati na sisi uso kwa uso, na mchana wa Same kichwa kinachemka. Nilikuwa nimeiweka hela ile kidogo kidogo, haba na haba, misimu mitatu ya sare. Nikaichukua yote. Nikakunja mashuka ya mama yaliyolowa nikayatia kwenye mfuko wa sandarusi, nikajitwika, nikarudi duka lile lile.

Mwenye duka ni mtu wa makamo, mkarimu, kanzu zake nazishona mimi. Nilimsalimia nikamwambia nataka mashine inayotumia maji machache kuliko zote alizonazo.

"Fundi, si nilikuuzia juzi juzi?"

"Uliniuzia bei. Leo niuzie mashine."

Akacheka, akanipeleka nyuma kabisa. Pale ilisimama moja yenye mlango wa kioo mbele, duara, na vumbi juu. Bei yake ilizidi mara mbili ya ile niliyonunua. Alinishauri kama rafiki nisiichukue. Alisema watu wa hapa hawaitaki. Mmoja alinunua akairudisha baada ya wiki, akilalamika kwamba ukichungulia kiooni huoni maji, nguo zinapigwapigwa tu na unyevunyevu, na alikuwa akiiongezea maji kwa jagi kwenye kidroo cha sabuni mpaka ikatapika povu sebule nzima.

"Basi iwashe nione," nikasema.

"Fundi, mashine haiwashwi dukani."

"Wewe ukija kuchukua kanzu kwangu unaichukua bila kuivaa? Unaivaa, unageuka mbele ya kioo, unaniambia punguza bega. Na mimi leo nataka kugeuka mbele ya kioo."

Alinitazama, akaitazama sandarusi, akapata harufu yake. Nadhani alielewa, maana hakuuliza ni ya nani. Aliwaambia wafanyakazi wake waivute mashine hadi uani kwenye bomba la tangi lake, mpira wa kutolea maji wakautia kwenye ndoo za lita ishirini nilizoazima kwa mama ntilie wa jirani. Tukaweka mashuka na sabuni kiasi cha vijiko vitatu. Nilitaka kuongeza, mkono wangu umezoea kumimina, akanishika.

Tukakaa kwenye kreti za soda. Ilichukua muda mrefu kuliko ile ya matangi mawili, na nilianza kuona haya kumpotezea mtu muda wake wa biashara, lakini sikunyanyuka. Ndoo ya kwanza ilijaa maji machafu ambayo sitayaelezea. Ya pili ikajaa maji ya povu jepesi. Ya tatu ilifika juu kidogo ya nusu, maji meupe, na mashine ikakaa kimya. Nikatoa mashuka nikayanusa moja moja pale pale mbele za watu. Yalikuwa safi, na yamekamuliwa hivi kwamba hayakudondosha tone.

"Ndoo tatu," nilisema, "na ya tatu haijajaa."

"Sikuwahi kuipima," mwenye duka alikiri. Akapunguza bei, si sana, na yeye anakula hapo hapo. Ila usafiri aliutoa bure.

Kabla sijalipa nilimpigia kaka, maana hela ya kwanza ilikuwa yake na sikutaka asikie mitaani. Nilimwamkia, nikamweleza. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwa chaki ya ushonaji mgongoni mwa kipande cha kitambaa: madumu ya maji ambayo sitayanunua, sabuni, umeme, mikanda ya kukatika. Umeme ungekuwa mdogo kwa sababu sitaichemshia maji, saa nane mchana tangi langu lenyewe linakuwa limechemshwa na jua. Nilimwambia ile tofauti ya bei itarudi yote ndani ya miaka mitatu, na baada ya hapo ni faida tupu, maana mashine ya namna hii ukiitunza inakaa.

Kaka akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, "Mdogo wangu. Miaka mitatu. Mama ana miaka themanini na moja, na juzi tu ametoka kutundikiwa maji."

Nilielewa anachosema. Watu waliokuwa wakinunua balbu pale dukani waligeuka waliposikia sauti yangu.

"Kaka, shikamoo tena. Cherehani yangu niliponunua ulisema nanunua dhahabu. Imekaa miaka kumi na tisa. Mimi sinunui kitu cha kumsubiria mama afe. Nanunua mashine ambayo mama ataizeesha."

Akasema, "Haya." Nilikata simu haraka, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi kama yangu, na niliogopa. Nikalipa.

Kesho yake mchana, tangi lilipopata moto, mimi na jirani yangu tulimbeba mama tukamkalisha uani kwenye kiti cha mikono, mto mgongoni. Hakutaka. Alisema hana haja ya kuona vitu vya gharama. Nikamwambia hajaitwa kutazama, ameitwa kusimamia zamu. Kwenye ndiva kuna mtu wa kusimamia, na mtu huyo hazoi matope. Alinitupia jicho, lakini alikaa.

Nikaweka mashuka, nikafunga mlango, nikapanga ndoo nane mbele yake, mstari mmoja, tupu. Mashine ikaanza. Mama alitega sikio.

"Mbona haisikiki?"

"Ndivyo ilivyo."

"Imekufa."

"Subiri, mama."

Ndoo ya kwanza ikajaa, nikaisogeza. Ya pili ikajaa. Mama alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, kidole chake kikinyooka kwenye kila ndoo, midomo ikihesabu kwa Chasu, Kipare chetu. Ya tatu ilipofikia nusu na mpira ukakauka, alisubiri. Alisubiri muda mrefu, akiamini namficha kitu. Kisha akataka shuka. Nikampa. Alilivuta kwa vidole viwili, akalinusa, akalikunja kipande akakikamua kwa nguvu zake zote aone kama litatoa maji. Halikutoa. Akatazama ndoo tano zilizobaki tupu.

"Hizi zimebaki kwenye tangi?"

"Zimebaki."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaagiza ile nusu ndoo ya mwisho imwagwe kwenye mpapai, na nikafanya hivyo. Niliporudi alikuwa bado anaiangalia mashine, uso wa mtu aliye sokoni.

"Bei gani?"

Sikutaka kumwambia. Lakini mama yangu hadanganyiki kwa bei, nikamtajia. Alishika kifua. Alisema neno moja la Kipare ambalo sijamsikia akilitamka tangu mbuzi wa jirani walipoingia kwenye tangawizi.

"Na hela hiyo itarudi lini?"

Nilikumbuka maneno ya kaka. Ningeweza kusema mwaka, ningeweza kusema miezi. Niliamua kusema kweli, kwa sababu mtu aliyehesabu ndoo zangu kupitia ukutani angenigundua tu.

"Miaka mitatu, mama. Ukiwa unaitumia wewe. Bila mashuka yako haina kazi, nguo zangu mimi nafua kwenye beseni."

"Mitatu."

"Mitatu."

Alihesabu kwa vidole. Akaitazama tena mashine, kisha akanitazama mimi, na macho yale nayajua, ndiyo aliyokuwa akiwatazamia wanunuzi wa tangawizi wanaokuja na mizani iliyochezewa.

"Sasa nikifa mwezi ujao, si tumepata hasara?"

"Hasara kubwa sana," nilisema.

"Umeifanya makusudi."

"Nimeifanya makusudi."

Alitikisa kichwa, akaguna, akavuta khanga mabegani. "Mtoto mkaidi wewe. Haya, lete chai. Kile kikombe kikubwa, siyo hicho cha wageni."

Nilimletea. Alikunywa chote mbele yangu, polepole, akipumzika katikati, halafu akanyoosha mkono na kikombe akataka cha pili.

Jioni ile, jua likizama nyuma ya bati la jirani, aliniita. Niliacha cherehani nikakimbia, na kama kawaida nilichelewa. Shuka lilikuwa limelowa chapachapa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimgeuza, nikamtandikia jingine, nikalikumbatia lile lililolowa kifuani pangu lilivyo, nikaenda nalo kwenye mashine nikiimba.